Mashapo Meupe Hayafanani: Kushusha na Kutambua Kampaundi za Alumini

(Mhadhara kwa walimu wa kemia, mafundi wa maabara, wahudumu wa afya na watumishi wa mitambo ya maji)

  

Niliombwa nizungumzie utengenezaji wa kampaundi za alumini kwa njia ya kushusha mashapo, na namna ya kuzitambua ukishazipata. Anayesikia hivyo anaweza kudhani ni mambo ya wataalamu wachache waliojifungia chumbani. Sivyo. Aliyekunywa maji ya mtoni yaliyosafishwa kwa shabu, aliyemeza dawa nyeupe ya kiungulia, aliyechanjwa pepopunda, huyo amekwisha kutumia mashapo ya alumini, ajue asijue.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba fomula iliyobandikwa kwenye chupa, Al(OH)₃, haitoshi kutuambia kilichomo. Chupa mbili zenye fomula hiyohiyo zinaweza kubeba vitu viwili vyenye tabia mbalimbali kabisa, na tofauti hiyo hutoka kwenye mkono uliomimina: kipi kilitangulia, kwa kasi gani, katika joto gani, na mashapo yaliachwa muda gani kabla ya kuchujwa. Kushusha na kupima ni kazi moja. Anayefanya ya kwanza akaiacha ya pili hajui alichonacho. Nina hoja tano. Ya tatu ni ndefu, basi mwenye kiu anywe maji sasa.

1. Mashapo yalijulikana kabla ya metali

Hakuna metali iliyo nyingi kuliko alumini katika tabaka la juu la dunia. Ni kama asilimia 8 ya uzito wake, ikitanguliwa na oksijeni na silikoni tu. Hata hivyo babu zetu na babu za Wazungu hawakuijua kwa sura ya metali, kwa kuwa haikai peke yake. Waliijua kwa chumvi yake, shabu, hiki kipande kinachopitisha mwanga nilicho nacho mkononi. Vinyozi wanaipitisha kwenye kidevu kilichokwaruzwa na wembe, na wengi hapa mmeona bibi akiikoroga kwenye ndoo ya maji ya mto.

Mwaka 1754, huko Berlin, Andreas Marggraf alichemsha udongo wa mfinyanzi katika asidi ya salfuriki, akatia alkali, ikashuka poda nyeupe ambayo haikuwa chokaa. Hiyo ndiyo oksaidi ya alumini ikiwa na maji yake. Metali yenyewe haikuonekana mpaka mwaka 1825, Hans Christian Ørsted alipoipata Copenhagen. Kwa miaka 71, basi, wanakemia walikuwa na mashapo ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekishika. Sitakaa zaidi kwenye historia.

2. Mashapo haya yanakubali pH chache tu

Pimeni gramu 47.4 za fuwele za shabu ya potasiamu, mziyeyushe kwa maji safi hadi kutimia lita moja. Myeyusho hauna rangi, lakini karatasi ya litmasi ya bluu inageuka nyekundu. Wanafunzi hushangaa: chumvi imepata wapi asidi? Imeipata kwenye ioni ya alumini. Ioni hii ni ndogo, ina chaji tatu chanya, na imezungukwa na molekuli sita za maji. Inavuta elektroni za maji hayo kwa nguvu kiasi kwamba hidrojeni zake zinalegea na kuachia. Ukiongeza alkali, hidrojeni zinazidi kung'oka, ioni zinaunganika zikipitia oksijeni, na baada ya tone fulani myeyusho uliokuwa safi kabisa unaingia ukungu.

Ukungu huo huanza pH ikikaribia 4. Alumini inayobaki kwenye maji hupungua mpaka pH ifike kati ya 6 na 7, hapo ndipo inapokuwa kidogo kuliko popote. Ukiendelea kutia kostiki soda ukapita 9, yale mashapo yanaanza kuyeyuka tena na kuwa aluminati. Mwanafunzi anayemimina kostiki kwa pupa huona weupe ukija, ukaondoka, akadhani amekosea hesabu. Hakukosea hesabu, alipita mlango. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walipendelea amonia, alkali dhaifu isiyoyayeyusha upya kwa urahisi, na wakatia matone machache ya methili nyekundu ili wasimame mara tu rangi inapogeuka kuwa ya njano.

Ndugu zetu wa mitambo ya maji mnalijua jambo hili kuliko sisi. Kila miligramu moja ya salfeti ya alumini hula takribani nusu miligramu ya ualkali uliomo majini, ukihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Mto ukifurika masika, maji yakawa na tope jingi na ualkali mdogo, mkiongeza shabu tu bila chokaa pH inaporomoka, mashapo hayakamiliki, na alumini inapita kwenda kwa mlaji. Zile bika sita zinazokorogwa pamoja kila asubuhi kutafuta kipimo cha siku si mazoea ya bure.

Tarakimu moja ya kukumbuka kwa ajili ya baadaye: lita ile ya shabu, ikishushwa yote, inatakiwa kutoa gramu 7.8 za haidroksaidi ya alumini, na hizo zikichomwa hadi mwisho zibaki gramu 5.1 za oksaidi.

3. Mkono unaomimina ndio unaoamua

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vinapopita mbio.

Kuna namna tatu za kukutanisha shabu na alkali. Ya kwanza ni kudondosha alkali ndani ya shabu. Chembe za mwanzo zinazaliwa pH ikiwa bado chini, zimezungukwa na salfeti pande zote, na sehemu ya salfeti inafungiwa ndani yake. Kinachopatikana ni jeli inayotetemeka bika ikiguswa. Ukiimimina kwenye karatasi ya kuchujia, maji ya kwanza yanashuka vizuri, kisha yanadondoka kwa kusitasita, kisha yanakoma. Saa nzima baadaye juu ya karatasi bado kuna uji.

Namna ya pili ni kugeuza: shabu idondoshwe ndani ya alkali. Sasa alumini inaanza kwa kuwa aluminati, na mashapo yanashuka alkali ikiwa imepungua lakini pH bado iko juu. Ukisimama karibu na 10 ukayaacha usiku kucha, asubuhi unakuta poda nzito imekaa chini na maji safi juu. Inachujika upesi, na unaweza kuisugua kati ya vidole ukahisi punje. Vitu vilivyoingia ni vilevile, uzito ni uleule, joto ni lilelile. Kilichobadilika ni nani alimfuata mwenzake.

Namna ya tatu ni kudondosha vyote viwili kwa pamoja kwenye chombo chenye maji ya moto yanayokorogwa, huku pH ikishikiliwa mahali pamoja, tuseme 8. Kila chembe, ya kwanza na ya mwisho, inazaliwa katika mazingira yaleyale. Watengenezaji wa vichocheo vya viwanda vya mafuta wanaipenda njia hii kwa sababu inatoa bidhaa inayofanana leo na kesho. Inataka bureti mbili, kipima pH kilichosahihishwa asubuhi hiyo, na mtu asiyechoka haraka. Binafsi naiona ndiyo ya kufundishia vyuoni, hata kama inakula mchana mzima.

Kuna njia nyingine ambayo wakulima hapa wataifurahia, kwa kuwa inatumia urea, ile ya mfuko wa mbolea, ila iliyo safi zaidi. Mwaka 1937, huko Marekani, Hobart Willard na mwenzake Tang walionyesha kwamba urea ikiyeyushwa pamoja na chumvi ya alumini haifanyi kitu maji yakiwa baridi. Yakikaribia kuchemka, urea inavunjika polepole na kutoa amonia kila mahali ndani ya myeyusho kwa wakati mmoja. Hakuna tone linaloangukia sehemu moja na kuifanya kali kuliko nyingine. Mashapo yanayoshuka ni mazito, yamejikusanya, na hukaa nafasi ndogo mno yakilinganishwa na ile jeli ya amonia. Ni jaribio rahisi kwa shule yenye jiko na subira.

Tukitoka maabara tukaingia kiwandani, mfano mkubwa ni wa Karl Josef Bayer. Huyu alikuwa St. Petersburg miaka ya 1880, akitafuta haidroksaidi safi ya alumini kwa ajili ya viwanda vya kutia nguo rangi, maana alumini huishika rangi kwenye uzi. Wakati huo watu walikuwa wakipuliza kaboni dayoksaidi ndani ya aluminati ili mashapo yashuke, na walichopata hakikuchujika vizuri. Bayer aligundua kwamba akitia ndani ya aluminati iliyopoa kiasi kidogo cha mashapo mapya, kama mbegu, akakoroga tu, haidroksaidi inashuka yenyewe ikiwa fuwele, safi, nyepesi kuosha. Alichukua hataza mwaka 1888, na mwaka 1892 akaongeza hatua ya kuyeyusha boksiti kwa kostiki ndani ya chombo cha shinikizo. Sehemu kubwa ya alumina ya dunia bado inapitia hatua hizo mbili. Kwa hiyo sufuria ya jikoni kwako asili yake ni mtu aliyekerwa na mashapo yasiyochujika. (Taka zake nazo tuzitaje: tope jekundu lenye kostiki. Oktoba 2010, huko Ajka, Hungaria, bwawa la tope hilo lilipasuka na watu 10 wakafa.)

Mashapo yakishashuka hayatulii. Yakiachwa ndani ya maji yake, hasa yenye alkali, jeli isiyo na mpangilio inajipanga kuwa fuwele siku hadi siku. Kwa mchujaji hiyo ni heri. Kwa mtengeneza dawa ya kiungulia ni hasara, kwa sababu jeli changa huimeza asidi ya tumbo haraka, na iliyozeeka huimeza kwa uvivu. Fomula kwenye chupa ya mwaka jana na ya mwaka huu ni moja.

Halafu kuna kuosha, kazi inayodharauliwa. Mwanafunzi mwenye nia njema anaosha jeli yake kwa maji safi kabisa, na baada ya maji kadhaa anaona yanayotoka chini ya karatasi yameingia weupe. Karatasi haikutoboka. Ameondoa chumvi zilizokuwa zinazishikanisha chembe, na chembe hizo zimetawanyika na kupita kwenye matundu ya karatasi. Dawa yake ni kuosha kwa maji ya moto yenye amonia naitreti kidogo, kama gramu 2 kwa kila mililita 100, chumvi ambayo haitabaki mashapo yakichomwa. Na utajua vipi kwamba umemaliza? Kinga matone ya maji yanayotoka, tia tone la kloridi ya bariamu. Yakiingia weupe, salfeti ingalipo, endelea.

Nimeulizwa mlangoni kuhusu magadi. Nami naiona ni hoja nzuri, maana kostiki tunanunua na magadi tunayo, ya Ziwa Natron na ya Ziwa Magadi kwa jirani zetu Kenya. Ukitia magadi kwenye shabu hupati kaboneti ya alumini, kwa kuwa haiwezi kukaa majini. Kaboni dayoksaidi inatoka kwa mapovu, tumieni chombo kikubwa, na kinachobaki chini ni haidroksaidi. Lakini kuna mambo mawili. Magadi yakizidi na maji yakiwa moto, unaweza kupata kitu kingine, dosonaiti, chenye sodiamu na kaboneti ndani yake. Na magadi yetu ya asili yana floraidi, ambayo inaishika alumini kwa nguvu sana. Ayatumie anayeweza kuyapima, na asiyeweza asimpe mtu bidhaa yake kwa ajili ya maji ya kunywa.

4. Jina la mashapo hutolewa na vipimo

Tuseme umekausha mashapo yako kwa nyuzi 105 mpaka uzito ukaacha kubadilika, ukapata gramu 10. Hesabu ilisema 7.8. Usifurahi. Zile gramu 2.2 za ziada ni maji yaliyonaswa na salfeti isiyooshwa.

Chombo cha kwanza cha utambuzi kipo katika shule nyingi: mizani na tanuru. Haidroksaidi kamili ya alumini ikichomwa hadi kuwa oksaidi inapoteza asilimia 34.6 ya uzito wake. Boemaiti, yaani AlO(OH), inapoteza asilimia 15.0 tu. Joto linalohitajika nalo linasema kitu: ya kwanza inaachia sehemu kubwa ya maji yake kati ya nyuzi 250 na 300 hivi, ya pili inashikilia mpaka karibu 450 au 500. Kwa hiyo mwalimu mwenye chungu kidogo cha kauri na mizani ya kuaminika, akichoma kwa hatua na kupima kila mara, anaweza kujua mengi bila kusafiri kwenda mjini.

Ila tanuru lina mpaka wake. Gibsaiti, bayeraiti na nodistrandaiti zote ni Al(OH)₃, zote hupoteza 34.6. Tena jeli yenye maji ya kunaswa inaweza kutoa tarakimu hiyo kwa bahati. Hapo tunahitaji eksirei. Tukitumia taa ya shaba, gibsaiti huonyesha mstari wake mkubwa kwenye digrii 18.3, bayeraiti kwenye 18.8 na mwingine mzuri karibu na 40.6, boemaiti kwenye 14.5. Kati ya 18.3 na 18.8 pana nusu digrii tu. Mashine iliyosogea kidogo inaweza kukupa jina lisilo lake, na nimeona ripoti za namna hiyo zikipita mezani. Anzeni kwa kupima poda ya silikoni. Mstari wake wa kwanza uwe kwenye 28.4. Usipokuwa hapo, msisome sampuli.

Mara nyingi mashapo mapya hayatoi mistari. Yanatoa vilima vipana. Mwanafunzi huandika "hakuna matokeo". Hayo ndiyo matokeo! Kilima kipana maana yake fuwele ni ndogo mno, na tangu Paul Scherrer aandike mwaka 1918 tunaweza kuukadiria udogo huo kutokana na upana wa kilima. Pasipo mstari kabisa, una kitu kisicho na mpangilio, na huenda ndicho ulichokuwa unakihitaji.

Kuhusu miale ya infraredi nitasema kwa kifupi: inatofautisha haidroksili za gibsaiti na za boemaiti, na inafichua kaboneti na salfeti zilizojificha. Ni kipimo cha dakika chache, na kila chuo chenye mashine hiyo kingefanya vizuri kuifungulia milango shule za jirani.

Eneo la uso linastahili sentensi zaidi. Mwaka 1938 Brunauer, Emmett na Teller walitoa hesabu ya kupima uso wa poda kwa naitrojeni iliyopozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Boemaiti laini ikichomwa kwa nyuzi 500 hivi inakuwa gama alumina, na gramu moja yake inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 200 na zaidi. Endelea kuichoma, vuka nyuzi 1,100, matundu yanaziba, uso unatoweka, unabaki na alfa alumina, ngumu kiasi cha kukwaruza karibu kila kitu isipokuwa almasi. Hiyo ndiyo kampaundi ya rubi za Longido na yakuti za Umba. Rangi ni za kromiamu, chuma na titani kidogo. Kwa hiyo anayeuza "alumina" bila kusema ilichomwa nyuzi ngapi, hajasema anauza nini.

Wenzangu wa maji watauliza kuhusu ile kloridi ya alumini iliyokwisha kuunganika, inayoletwa kwenye madumu na kuitwa PAC. Humo ndani kuna, pamoja na vingine, ioni kubwa yenye atomi 13 za alumini. Georg Johansson alionyesha umbo lake mwaka 1960 kwa kushusha salfeti yake na kuipima kwa eksirei. Kwa hiyo hata kitu kilicho ndani ya maji kilikubali kutajwa jina baada ya kushushwa.

5. Fomula ileile, kazi tofauti

Mfano wangu wa kwanza uko zahanati. Mwaka 1926, Uingereza, Alexander Glenny na wenzake walitia shabu kwenye sumu ya dondakoo iliyokwisha kudhoofishwa, mashapo yakashuka, na mashapo hayo yakachochea kinga kuliko myeyusho wenyewe. Tangu hapo chumvi za alumini ziko ndani ya chanjo nyingi, za pepopunda na dondakoo zikiwemo. Kinachoitwa haidroksaidi ya alumini kwenye chanjo, eksirei ilipopitishwa, kilionekana kuwa boemaiti ya fuwele hafifu. Kina chaji chanya kwenye pH ya mwili. Fosfeti ya alumini ina chaji hasi. Protini ya chanjo hushikamana na ile yenye chaji iliyo kinyume chake, kwa hiyo ukichagua mashapo yasiyofaa protini inabaki inaelea.

Wauguzi mliopo mnajua kwamba chanjo hizi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba zikiganda zimekwisha. Mnajua pia jaribio la kutikisa: unagandisha kwa makusudi chupa moja ya toleo lilelile, unaiacha iyeyuke, unaitikisa pamoja na ile unayoishuku, unaziweka mezani sambamba. Iliyoganda inatua haraka, na maji yanabaki safi juu. Barafu imezisukuma chembe zikashikana, na hazitaachana tena. Hakuna atomi iliyoongezeka wala kupungua. Mkemia akiipima alumini ataikuta yote, hali chanjo haifai. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa hoja yangu ya jioni hii, na unafanywa na muuguzi wa kijijini kwa macho yake, bila mashine.

Mfano wa pili uko kwenye meno ya watoto wa miteremko ya Meru, na wa Singida, na wa sehemu nyingi za Bonde la Ufa hadi Kenya na Ethiopia. Floraidi ya maji yao ni nyingi, nayo ndiyo inayoyaharibu meno hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango chetu Tanzania kiliruhusu hadi 4, na sasa tumeshuka kwenye 1.5. Njia ya Nalgonda, iliyopewa jina la wilaya moja ya India, hutia shabu na chokaa kwenye ndoo ya maji, na mashapo yakishuka yanaondoka na sehemu ya floraidi. Imejaribiwa kwetu katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Inafanya kazi. Lakini maji yenye floraidi nyingi yanadai shabu nyingi, salfeti inapanda, na tope lazima litupwe mahali. Njia nyingine ni kutengeneza kwanza haidroksaidi au alumina yenye uso mkubwa, ukaijaza kwenye kichujio, maji yakapita. Hapo ubora wa kichujio ni ubora wa mashapo. Kundi moja la poda litashika floraidi wiki kadhaa, jingine litachoka mapema, na mwenye nyumba hataona tofauti kwa macho, kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu.

Mbele yetu

Malighafi si shida kubwa. Boksiti iko Usambara, upande wa Lushoto. Kaolini iko Pugu, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam. Kaolini safi ina asilimia 39.5 ya alumina, na ikichomwa karibu nyuzi 700 inakubali kuyeyuka kwenye asidi ya salfuriki. Adui hapo ni chuma, kinachofuatana na alumini mpaka kwenye shabu na kuipaka manjano. Potasiamu thayosaineti itakionyesha kwa wekundu. Hata sufuria chakavu zinayeyuka kwenye kostiki, ila nje ya nyumba na katika chombo kilicho wazi, kwa maana hidrojeni inayotoka inalipuka. Na sufuria zilizotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma mchanganyiko huweza kuwa na risasi. Kwa mafunzo, sawa. Kwa maji ya kunywa, hapana, mpaka zipimwe.

Tunachokosa ni kumbukumbu. Katika maabara zetu kuna makopo yameandikwa "alumina" au "Al(OH)₃" na tarehe, basi. Aliyetengeneza amehama, na hakuna awezaye kurudia alichofanya. Ombi langu kwenu ni dogo. Kila kopo liwe na karatasi yake: kipi kilimiminwa ndani ya kipi, kwa kasi gani, pH na joto, saa za kukaa, maji ya kuoshea na jibu la bariamu, na asilimia iliyopotea kwenye tanuru. Mwenye eksirei aongeze picha yake. Shule mbili au tatu zikubaliane kushusha kwa urea kutoka kwenye shabu moja, zibadilishane sampuli, kila moja ipime ya mwenzake. Watu wa maji, leteni tope la mitambo yenu. Nalo ni haidroksaidi ya alumini, na linafaa kupimwa kama linashika floraidi kabla ya kutupwa.

Mimi nitapokea karatasi hizo na kuzipanga. Kopo lisilo na karatasi msiniletee.